Glasi Ndogo, Bahari Kubwa: Kuonja Vinywaji Melini Mkiwa Wawili

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unasafiri kwa meli, mara nyingi kinachomjia kichwani ni boti ya Zanzibar: foleni ya tiketi, begi mgongoni, na jamaa wa siti ya pembeni aliyeshikilia mfuko wa kutapikia. Meli ya kitalii ni kitu kingine kabisa. Ni hoteli inayoelea. Ina maduka, ukumbi wa maonyesho, mabwawa ya kuogelea na, mpenzi msomaji, ina baa za kushindana na mtaa mzima wa Sinza. Na ndani ya baa hizo kuna burudani moja ambayo wengi wetu huijua tukiwa tumeshafika katikati ya bahari na nafasi zimeshakwisha: kikao cha kuonja vinywaji.

Kikao chenyewe kiko hivi. Watu kama kumi au ishirini mnakaa meza moja, mbele ya kila mmoja kuna glasi nne mpaka sita, na kila glasi ina mafunda mawili matatu tu. Mtaalamu wa vinywaji wa meli anawaeleza kila kimoja kimetoka wapi na kimetengenezwaje. Mnatazama, mnanusa, mnaonja. Inaweza kuwa mvinyo, wiski, jini, ramu au bia, lakini pia kahawa, chai na hata chokoleti. Baada ya dakika 45 au saa moja hivi mnanyanyuka. Hamjalewa, ila mmejifunza kitu, na mmepata cha kuzungumza mpaka usiku.

Kwa wapenzi hilo la mwisho si dogo. Wiki nzima ndani ya chumba kimoja chembamba, hakuna shoga wa kumtembelea wala rafiki wa kwenda kuangalia naye mpira. Mnahitaji mambo ya kufanya pamoja. Lakini kuonja ni kitu cha kulipia, kina ratiba yake, na mara nyingi kina pombe ndani yake. Vitu hivyo vitatu vinatosha kuwagombanisha watu wanaopendana. Ndiyo maana nasema kuweka nafasi ya kuonja ni mazungumzo ya watu wawili kwanza, kidole kwenye simu baadaye.

Meli na njia yake

Mimi na mwenzangu tulipanda MSC World Europa majira ya joto ya 2023, Genova kwa Genova, usiku saba. Njia yake msimu huo ilikuwa Napoli, Messina, Valletta, siku moja ya bahari tupu, halafu Barcelona, Marseille na kurudi Genova. Kwa sisi wenye pasi za Afrika Mashariki njia hiyo ina utamu wake: Italia, Malta, Hispania na Ufaransa zote zinaingilika kwa viza moja ya Schengen. Kuanzia Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na maombi unaweza kuyapeleka hadi miezi sita kabla ya safari. Anza mapema, maana miadi ya ubalozini haikusubiri wewe wala tarehe ya fungate lako.

Meli yenyewe ni jitu. Ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikakabidhiwa kwa wenyewe Oktoba 2022, na mwezi uliofuata ikatia nanga Doha kuwa hoteli ya mashabiki wa Kombe la Dunia. Ina urefu wa mita 333. Panga viwanja vitatu vya mpira kwa urefu, bado itavizidi. Inabeba abiria zaidi ya 6,700.

Ukihesabu migahawa, baa na kumbi za kupumzikia unapita 30. Kuna baa ya jini yenye aina zaidi ya 70. Kuna baa ya bia inayotengeneza bia yake humohumo, tena kwa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Na kuna duka la kahawa za nchi mbalimbali, nyumba ya chai na sehemu ya chokoleti. Hizi tatu za mwisho zitie akilini, nitazirudia.

Kaeni chini kwanza

Mwenzangu aliacha pombe mwaka 2019. Hakutangaza, hakuweka nadhiri mbele za watu. Ilikuwa inamchukua kidogo kidogo, naye akaamua isimchukue zaidi. Mimi glasi ya mvinyo mwekundu Jumamosi jioni naipenda na sijaiacha. Nyumbani tumeshazoea: chupa yangu moja inakaa nyuma ya kabati, na hakuna anayeizungumzia.

Melini si nyumbani. Tulipoanza kusoma yaliyomo ndani ya meli ile niliona amenyamaza. Nikamwambia, "Baba, tunaweza kwenda kwingine. Serengeti ipo." Akacheka kidogo. Akasema, "Twende. Ila tupange kama watu wazima." Tukakaa mezani Jumapili moja baada ya chakula, na tukaamua mambo manne. Nayaandika hapa kwa sababu naamini yanawafaa hata wale ambao shida yao si pombe bali hela.

La kwanza, kifurushi cha vinywaji. Kampuni za meli huuza kifurushi: unalipa kiasi fulani kwa siku, unakunywa utakavyo. Kinavutia ukikisoma. Lakini kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kifurushi, hata kama mmoja anakunywa maji tu. Zaidi ya hapo, safari yetu ilikuwa na bandari karibu kila siku. Kuanzia asubuhi mpaka jioni uko mjini unatembea, na kifurushi kinalipiwa huku kimekaa bure. Na mara nyingi vikao vya kuonja havimo ndani yake, vinalipiwa pembeni. Tuliamua kulipia kinywaji kimoja kimoja.

La pili, friji ya chumbani. Meli nyingi huweka chupa ndogondogo humo, na ukifungua unalipa. Unaweza kumwomba mhudumu wa chumba aziondoe zote. Hakuna atakayekuuliza kwa nini. Wapo wanaoondoa kwa ajili ya watoto, wapo wanaoondoa kwa ajili ya dini, wapo wanaotaka tu mahali pa kuweka maji yao.

La tatu, kikao kimoja cha kahawa au chai tutakachokaa wote wawili.

La nne ndilo lililonigusa. Nilimwambia kwamba basi, mvinyo nitauacha mpaka turudi. Akakataa. "Nenda kaonje," akasema. "Nikikuona umekaa kwa ajili yangu nitajiona mgonjwa." Kwa hiyo tukakubaliana kikao kimoja cha mvinyo, changu peke yangu, saa moja, na yeye awe na lake la kufanya wakati huo.

Wapo mtakaosema huko ni kukokotoa mapenzi kama hesabu za duka. Jamani, nimeona wanandoa wangapi wanaorudi kutoka fungate wakiwa hawasemeshani kwa sababu ya bili? Mmoja aliweka nafasi tatu akidhani anamfurahisha mwenzake, mwenzake akaona hela ya kodi ya nyumba inaishia kwenye glasi. Zawadi ya kushtukiza ni nzuri ikiwa unajua mwenzako anapenda nini. Usipojua, uliza. Kuuliza hakupunguzi mahaba.

Lini, wapi, kwa bei gani

Sasa tuje kwenye kuweka nafasi kwenyewe. Njia ni mbili kuu. Ya kwanza ni kabla ya safari, kwa kuingia kwenye akaunti yako ya kampuni ya meli kwa namba ya tiketi. Humo utaona shughuli za kulipia, na mara nyingine bei ya mapema ni nafuu kuliko ya melini. Ya pili ni siku ya kupanda: kwenye programu ya simu ya meli, kwenye dawati la wageni, au kwenye baa inayoandaa kikao. Saa chache za mwanzo watu wengi wako kwenye chakula au wanahangaika na mabegi. Huo ndio wakati wako. Weka nafasi, halafu nenda kale kwa amani.

Siku gani? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwenye safari ya bandari nyingi kama yetu, siku ya bahari tupu ni moja tu. Siku hiyo abiria wote wako ndani, hakuna wa kushuka, na kila mtu anakumbuka kwamba alitaka kuonja kitu. Nafasi za kikao hazifiki hata sehemu ndogo ya watu hao. Ukitaka siku hiyo, weka nafasi mapema kabisa. Usipoipata, tazama alasiri za siku za bandari, wakati meli inakaribia kuondoka. Ukumbi unakuwa na nafasi, na mtaalamu ana muda wa kujibu maswali yako.

Usiweke kikao usiku wa kuamkia ziara ya alfajiri. Wala usikigonganishe na chakula cha jioni, maana kwenye meli nyingi mnapangiwa zamu ya kula. Na kitu kidogo kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: tiketi ikiandika 11:00 ni saa tano asubuhi ya kwetu, na 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Nacheka, lakini wapo waliofika mlangoni wakati glasi zinaoshwa.

Bei hutofautiana sana. Kwa meli nyingi kikao cha kawaida huwa kati ya dola 20 na 50 kwa mtu, na cha shampeni au wiski za miaka mingi hupanda zaidi ya hapo. Kabla ya kubonyeza, angalia mambo matatu. Je, tozo ya huduma imo ndani ya bei? Kampuni nyingi huongeza kati ya asilimia 15 na 20 juu yake. Je, ukighairi unarudishiwa hela, na mwisho wa kughairi ni lini? Na bei ni ya euro, dola au pauni? Melini hakuna anayetoa noti mfukoni. Unagusisha kadi ya chumba tu, na deni linajiandika. Kwa hiyo kila jioni fungueni bili yenu kwenye simu mkiwa wote wawili. Ni dakika mbili tu, na inaondoa presha ya siku ya kushuka.

Bandari nazo zinaonjesha

Kitu ambacho matangazo ya meli hayakuambii kwa sauti kubwa ni kwamba nchi kavu nako kunaonjesha, tena kwa bei ya mtaani. Tulijiwekea sharti: kila bandari kinywaji kimoja cha hapo, na kiwe ambacho wote wawili tunaweza kunywa. Sharti hilo ndilo lililotupa safari.

Napoli ni kahawa. Wanakunywa wamesimama kaunta, kikombe kidogo, funda tatu, kwaheri. Mji huo una desturi moja inayofanana na ukarimu wa vijiwe vya kahawa vya kwetu: unaweza kulipia kahawa mbili na kunywa moja, ya pili ikabaki kwa mtu yeyote atakayeingia akiwa hana kitu. Mwenzangu alilipia. Hatukumjua atakayeinywa, na hatukutaka kumjua.

Messina ni granita, barafu iliyosagwa laini ikiwa na kahawa au limau, juu yake krimu, pembeni mkate laini wa siagi. Watu wa Sicily wanaila asubuhi kama sisi tunavyokula maandazi na chai. Kusini mwa mji huo uko mlima Etna, volkano hai yenye zaidi ya mita 3,300, na kwenye miteremko yake wanalima zabibu nyeusi ziitwazo Nerello Mascalese katika udongo uliotokana na majivu na mawe ya volkano. Mvinyo wa Etna ulipewa hadhi yake ya kisheria mwaka 1968. Mtu aliyewahi kupita Makutupora, Dodoma, akaona zabibu zinavyostawi mahali pakavu ambapo hukutarajia, ataelewa kwa nini nilisimama kuutazama mlima ule.

Valletta ilitushangaza kwa mengine. Kimalta ni lugha yenye asili ya Kiarabu, na sikio la Mswahili linanasa neno hapa na pale: bahari wanaiita "baħar", kitabu ni "ktieb", sita ni "sitta". Kinywaji chao ni Kinnie, soda ya machungwa machungu na mitishamba, iliyoanza kuuzwa mwaka 1952. Haina kilevi hata tone. Rangi yake ya kahawia, uchungu wake na barafu yake vinakufanya uhisi umeshika kinywaji cha watu wazima. Mwenzangu aliagiza cha pili. "Hiki," akasema, "kingenisaidia sana mwaka ule."

Barcelona watu hukimbilia cava, mvinyo wa mapovu ambao hutengenezwa zaidi Sant Sadurní d'Anoia, mji mdogo nje ya jiji. Unachachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, na sheria inataka ukae humo si chini ya miezi tisa. Sisi tulikunywa horchata, maziwa baridi matamu yasiyotoka kwa ng'ombe. Yanakamuliwa kwenye viazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago, lile jani ambalo shambani kwetu tunaling'oa kwa hasira.

Marseille ni nyumbani kwa pastis. Paul Ricard alianza kuuza ya kwake hapo mwaka 1932. Ni kali, ina harufu kama ya shamari, na ukiitia maji inageuka nyeupe kama tui. Karibu kila mkahawa unaouza pastis una pia sharubati ya mnanaa, kijani kibichi, inayochanganywa na maji baridi. Tulikaa kivulini bandarini, kila mmoja na glasi yake ya mnanaa, tukatazama vijana wakiruka majini.

Jumla ya gharama za mambo yote hayo haikufika bei ya kikao kimoja cha shampeni.

Saa moja ya siku ya bahari

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kilikuwa laini. Jioni ya kwanza melini ni sherehe. Trei za mvinyo wa mapovu zinapita, muziki unapigwa, watu wanapiga picha. Trei ilipita mbele yetu mara tatu, na mara tatu nikauona mkono wa mwenzangu ukipanda kusema hapana, asante. Mara ya tatu ulipanda polepole. Hakuna aliyeuona ila mimi. Tulipofika mezani nikamwomba mkuu wa wahudumu aondoe glasi za mvinyo upande wake, na tangu usiku huo hazikuwekwa tena. Sentensi moja kwa mtu mmoja. Kama mwenzako anapita njia hiyo, ifanye siku ya kwanza. Ujue pia kwamba kwenye meli nyingi, hasa za kampuni za Kimarekani, ratiba ya siku huwa na mkutano ulioandikwa "Friends of Bill W." Ni wa wale walioacha pombe, na jina ni la Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous mwaka 1935. Hautangazwi kwa kipaza sauti, lakini mlango uko wazi.

Siku ya bahari ikafika, na kikao changu kikawa saa tano asubuhi. Mvinyo wa Italia, glasi tano. Nilikaa kati ya mama mmoja Mjerumani na vijana wawili waliokuwa fungateni. Tulianza na mweupe mwepesi, tukamalizia na mwekundu mzito, maana ukianza na mzito ulimi hausikii tena mwepesi. Mtaalamu alituambia tusimeze kila kitu: ndoo ya kutemea imewekwa mezani kwa kazi hiyo, na wanaojua huitumia bila haya. Ule wa nne ulikuwa wa Etna. Ulinuka cheri na moshi kidogo. Nikafikiria majivu na mawe ya juzi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa watu wanamaanisha nini wanaposema wanaonja mahali.

Yeye saa ile alikuwa sitahani na kitabu. Nilipomfuata aliniuliza, "Eeh, lete habari." Nikamsimulia glasi moja baada ya nyingine, rangi, harufu, mzaha wa mama Mjerumani. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mji aliowahi kuishi. Hakuwa na wivu, hakuwa na huzuni. Halafu akasimama. "Haya, sasa zamu yetu."

Zamu yetu ilikuwa kwenye duka la kahawa. Hatukukata tiketi. Tuliagiza kahawa tatu tofauti na vikombe sita vidogo, tukagawana, tukaonja kwa utaratibu ulele niliotoka kufundishwa: tazama, nusa, onja, nyamaza kidogo, sema. Mwenzangu ni mtoto wa Bukoba. Ana pua ya kahawa kuliko nilivyowahi kujua. Alinieleza buni za kutafuna ambazo bibi yake alikuwa akiwapa wageni kabla hawajakaa sawasawa, jinsi zinavyochemshwa na mitishamba na kuanikwa. Miaka minane ya ndoa, na sikuwahi kuisikia habari ile. Kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni meza ndogo, vikombe vidogo, na mtu wa kumuuliza, "Unasikia nini hapo?"

Adabu za mezani

Ukishapata nafasi yako, mambo machache ya kukumbuka. Usijipulizie manukato makali wala kuvaa nguo iliyofukizwa udi. Nyumbani ni sifa, ila kwenye kuonja utaziba pua za meza nzima. Kula kitu kabla. Kunywa maji kati ya glasi. Kama umemeza dawa ya kichefuchefu cha bahari, soma maelezo yake kwanza, kwa sababu nyingi zinaleta usingizi na pombe huuongeza. Kama unanyonyesha, una ujauzito, au una mzio, sema siku ya kuweka nafasi ili uulizie kikao kisicho na kilevi. Umri wa kunywa nao una sheria zake: kampuni nyingi zinazoanzia safari Ulaya huruhusu kuanzia miaka 18, zile zinazoanzia Marekani hutaka 21.

Na usinunue chupa pale pale kwa msisimko. Mchovya asali hachovyi mara moja, na wauzaji wanalijua hilo vizuri kuliko wewe. Andika jina la ulichokipenda kwenye simu, lala nalo usiku mmoja, kesho yake uone kama bado mnalitaka.

Kwa hiyo kama mwaka huu mnafikiria meli, hesabu yangu kwenu ni hii: vikao viwili vinatosha kwa wiki. Kimoja mkae wote, kiwe cha kitu ambacho wote mnakunywa. Kingine awe nacho yule anayekitaka kweli, na mwenzake ampe hiyo saa kwa moyo mweupe. Vilivyobaki viachieni bandari. Na kabla hamjaweka nafasi yoyote, zimeni televisheni jioni moja, kaeni, kila mtu aseme anachopenda, anachoogopa, na kiasi cha hela alicho tayari kukiachia baharini. Mkimaliza mazungumzo hayo mkiwa bado mnacheka, kateni tiketi.